Kulsumu na Safari Mbili za Rungwe

Kwa miaka ishirini na sita Kulsumu Hamis aliuza vitenge, kanga na mashuka katika duka la familia yao, nyuma ya soko kuu la Sumbawanga. Baba yake alimwachia duka hilo akiwa bado bibi harusi. Mumewe Amin, mwenye malori mawili ya kubeba mahindi, alimpeleka dukani kwa gari kila asubuhi na kumfuata jioni. Katikati ya hapo Kulsumu alikaa. Alikuwa hodari wa kukaa. Angeweza kukunja jora zima la kitenge bila kunyanyuka kitini, na wateja walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka na mtu.

Alipofika miaka arobaini na saba alianza kusikia kiu isiyoisha, na macho yakawa yanamcheza jioni. Akaenda kupima peke yake, siku Amin alipokuwa Namanyere kupakia mzigo. Daktari, kijana mpole, aliangalia kipimo mara mbili kabla ya kusema.

"Mama, hii ni sukari. Dawa utameza, na chakula utapunguza. Ila usipotembea, tutaonana hapa mara nyingi kuliko tunavyopenda."

Kulsumu alitikisa kichwa, akaviweka vidonge kwenye mkoba chini ya kitabu cha risiti, akarudi dukani. Hakumwambia mtu.

Sababu alikuwa nayo. Mama yake mzazi aliugua ugonjwa huohuo, akakatwa mguu, na tangu siku ile kila mgeni aliyeingia nyumbani kwao alimsalimia mama kwa sauti ya msibani. Sauti ya chini, yenye kuvuta maneno, kama vile mtu yuko tayari ndani ya sanda. Mama aliishi miaka sita baada ya hapo, ana akili zake timamu na masihara yake yote, lakini hakuna aliyemtania tena. Kulsumu aliona kwamba kilichommaliza mama yake ni ile sauti, kabla hata ya ugonjwa. Basi akaapa kwamba yeye hataisikia. Dukani kwake alikuwa akiuza kanga yenye maandishi *Mficha maradhi kilio humuumbua*, na aliiuza vizuri sana, bila kuisoma.

Kuficha ugonjwa kuna kazi yake. Vidonge alivihamishia kwenye kopo la vifungo. Alimwambia Amin kwamba anataka kupunguza mwili, na Amin akacheka, akasema apunguze atakavyo, ila asiishe. Mwezi wa Ramadhani daktari alimkataza kufunga. Hapo ndipo palipomuuma. Mchana alijifungia stoo, kati ya marobota ya vitenge, akatafuna kiporo cha wali kwa hofu kama mwizi, na jioni akaketi mkekani na mumewe, akasubiri adhana, akafungua kwa tende kama mtu aliyekuwa na njaa.

Kutembea ndiko kulikomletea mwalimu Suma.

Suma alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwa Kulsumu katika mtaa wa Katandala. Kwao Rungwe, na alikuwa mkoani Rukwa mwaka wa kumi na moja sasa. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baada ya sala ya alfajiri, Kulsumu alitoka nje amejifunga shali mbili kwa sababu ya upepo wa Ufipa ambao asubuhi hukata kama wembe, akamkuta mwalimu naye anafunga kamba za viatu.

"Mama Ummy, umeamka na mimi leo?" alisema mwalimu, akimwita kwa jina la mwanawe kama mtaa mzima.

"Nataka kutembea kidogo, mwalimu. Mwili umezidi."

"Basi twende. Mimi nafika mpaka mashamba ya Mollo nageuka."

Siku ya kwanza Kulsumu hakufika hata nusu ya njia. Mwezi wa pili alifika. Mwaka wa kwanza ulipoisha walikuwa wanakwenda na kurudi huku wanazungumza bila kuhema, wanapita mahindi yakiwa machanga, yakiwa marefu kuwapita, na yakiwa mabua makavu. Suma alikuwa mzungumzaji. Alieleza ugomvi wake na dada yake juu ya shamba la baba yao, mchumba aliyemwacha, watoto wa darasa la nne wasiojua kusoma. Kulsumu alisikiliza na kushauri, na yake akayafunga moyoni.

Jumamosi moja walipanda gari hadi ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mahali uwanda wa juu unapokatika ghafla na bonde la Rukwa kuonekana chini kama kitambaa kilichoanikwa. Wakashuka kwa miguu saa nzima, wakapanda saa mbili na nusu. Walipofika juu Kulsumu alikuwa amelowa jasho, lakini amesimama.

"Mama Ummy," Suma alisema, "mwezi wa tisa shule zikifungwa, twende kwetu tukapande mlima Rungwe."

"Wewe umeshawahi kuupanda?"

"Nimezaliwa chini yake. Sisi hatuupandi, tunauangalia tu kujua kama mvua inakuja. Ndiyo maana nataka."

Kulsumu hakuwahi kutaka kitu cha namna ile. Lakini usiku ule alijikuta anaufikiria mlima, na akagundua kwamba alipoufikiria hakuwa anafikiria mguu wa mama yake. Akamwomba Amin ruhusa. Amin akasema kama ni kupunguza mwili, huo mlima utakubakiza mifupa, lakini nenda.

Basi la Mbeya liliwachukua alfajiri, na kufikia jioni walikuwa Tukuyu, katika nyumba ya wageni iliyozungukwa na migomba. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri Kulsumu alimeza vidonge vyake chooni, akanywa chai ya rangi. Mkate ulimshinda. Kona za barabara ya jana zilikuwa bado tumboni. Akaufunga mkate kwenye karatasi, akautia kwenye begi pamoja na tende.

Katika kijiji cha Isongole, mlima ukiwa umejifunika wingu kuanzia kifuani, walimkuta mwongozaji wao. Aliitwa Abel, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, amevaa mabuti ya mpira na panga kiunoni. Aliwaamkia, akakagua vibali vyao, akaangalia viatu vyao, kisha akauliza swali ambalo bila shaka aliliuliza kila siku.

"Mama zangu, kuna mwenye presha, pumu, au tatizo lolote la afya?"

Suma alisema yeye goti la kushoto humsumbua kwenye mteremko. Kulsumu aliangalia mashamba ya viazi.

"Mimi sina tatizo," alisema.

Abel akalibeba begi la Kulsumu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzito, wakaanza.

Saa ya kwanza ilikuwa ya mashamba, na watu waliokuwa wakichimba viazi waliinua vichwa kumsalimia Suma kwa Kinyakyusa, naye akawa anaitika kwa furaha ya mtu aliyerudi kwao. Kisha msitu ukawameza. Rungwe ilikuwa volkano hapo zamani za zamani, na udongo wake mweusi, laini kama majivu yaliyolowa, ulikuwa hauwezi kushika mguu. Hatua mbili juu, moja nyuma. Miti ilikuwa mikubwa, imevaa kuvu la kijani mpaka kwenye matawi, na maji yalidondoka ingawa mvua haikunyesha. Njia haikuzunguka. Ilipanda moja kwa moja kama ngazi ya mtu mwenye hasira, nao wakapanda kwa kushika mizizi. Mahali pamoja Abel aliinua mkono wakasimama, na juu yao nyani wa rangi ya kahawia, wenye nywele zilizosimama utosini, wakawatazama kwa muda, wakaondoka bila kelele.

"Hao ni kipunji," Abel alisema. "Wengi hulipia safari kutoka mbali kuwaona, wasiwaone."

Saa ya tatu waliingia kwenye mianzi. Mianzi ya Rungwe imesongamana, mingine imelala njiani, na mtu hupita akiwa ameinama, mara ameruka, mara ametambaa. Abel alitangulia kukata. Mlio wa panga lake ukawa unasikika mbali, kisha mbali zaidi.

Kulsumu alianza kuona mikono yake inatetemeka. Akadhani ni baridi. Shali yake ilinasa kwenye mwanzi, akaivuta kwa nguvu mpaka ikachanika. Suma, aliyekuwa nyuma, akasema taratibu, "Ngoja nikusaidie," na Kulsumu akageuka.

"Niache. Wewe ndiye uliyenileta huku. Niache."

Katika miaka miwili Suma hakuwahi kumsikia mama Ummy akipandisha sauti. Akamsogelea, akamtazama usoni. Baridi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni, lakini Kulsumu alikuwa anatiririka jasho, na midomo yake imekuwa ya kijivu.

"Kaa chini," Suma alisema.

Kulsumu akakaa kwenye matope. Moyo ulimwenda mbio, na mianzi ilikuwa inasogea. Alijua ni nini. Daktari alimweleza siku ya kwanza: ukimeza dawa bila kula, sukari itakushuka. Tende zilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa mgongoni kwa Abel, huko juu lilikokuwa panga. Ilimbidi aseme, na hata sasa, kwa muda mfupi alifikiria kutosema.

"Mwalimu. Mimi nina sukari."

"Iko wapi? Itoe ule."

"Siyo hiyo. Ugonjwa."

Suma alimtazama. Kisha akainuka, akaweka viganja mdomoni, akamwita Abel kwa sauti ambayo huitumia uwanjani kukusanya shule nzima. Panga likanyamaza. Abel alishuka mianzi kwa kuteleza, Suma akampokonya begi, akafungua tende na kumlisha Kulsumu moja moja kwa mkono wake kama mtoto. Abel alikuwa na soda ya chungwa, akaifungua kwa ncha ya panga. Wakamnywesha nusu. Wakamfunika koti la Abel.

Baada ya robo saa mianzi ilitulia. Baada ya nusu saa Kulsumu alikula mkate wake, na mikono ikawa yake tena. Abel alichuchumaa mbele yake.

"Mama, nilikuuliza pale chini."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia huna tatizo."

"Nilikudanganya. Nisamehe."

Abel alifikiri kidogo. "Kuwa na sukari siyo shida. Nimeshapandisha watu wenye sukari mpaka kileleni. Lakini wao nilijua. Nilitembea nao karibu, chakula kikawa mfukoni mwao. Wewe ungezimia hapa, mimi niko kule juu nakata mianzi. Kubeba mtu humu peke yangu siwezi. Ningeshuka kutafuta watu. Saa tatu kwenda, na kurudi je?"

Kulsumu aliitikia kwa kichwa. Kutoka pale hadi kileleni ilibaki kama saa mbili. Alijisikia na nguvu, nguvu kabisa, na juu ya mianzi alikuwa anaona mwanga mweupe ambako msitu ulikuwa unaishia. Alitaka kufika. Hakuwahi kukitaka kitu hivyo tangu alipokuwa msichana. Akamtazama Suma, Suma akatazama pembeni.

"Mimi ningesema tushuke," Abel alisema. "Lakini nataka uniambie wewe."

"Ikinishika tena huko juu?"

"Ndicho nisichokijua. Wewe ndiye unayeujua mwili wako. Mimi nimeujua leo."

Kulsumu alijifuta matope mikononi. "Tushuke," alisema.

Wakashuka polepole, Abel akiwa hatua moja mbele yake, begi likiwa mgongoni kwa Kulsumu mwenyewe. Suma hakuzungumza msitu mzima. Walipotokea kwenye mashamba akasimama karibu na mtaro.

"Miaka miwili," alisema. "Kila asubuhi. Nimekwambia hata mambo ambayo mama yangu hayajui. Wewe ukawa unatembea tu na mimi."

"Niliogopa utaanza kunisalimia kwa ile sauti."

"Sauti gani?"

Kulsumu akaiiga. "Mama Ummyyy, umeamkajeee, poleee." Aliiga vizuri mno, kwa sababu aliisikia miaka sita. Suma alijizuia, akashindwa, akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa nguvu.

"Mumeo anajua?"

"Hajui."

"Mwambie. Ukichelewa, mimi nitamwambia."

Alimwambia Jumapili mchana, Amin akiwa sebuleni anakunywa chai. Alimweleza yote: daktari, kopo la vifungo, mianzi. Amin alisikiliza mpaka mwisho. Akatoka nje, akazunguka lori akigonga matairi kwa mguu, tairi moja baada ya jingine, akarudi.

"Ramadhani ulikuwa unafunga?"

"Hapana. Daktari alinikataza. Nilikuwa nakula stoo."

"Na jioni ukawa unanisubiri tufuturu."

"Ndiyo."

Hilo ndilo lililomuumiza. Ugonjwa ni wa Mungu, alisema, lakini kuketi naye mkekani siku thelathini na uongo katikati yao, hilo lilikuwa lake Kulsumu. Kwa wiki nzima Amin alikuwa muungwana kama mgeni. Alimpeleka dukani, akamrudisha, akauliza hali. Na Kulsumu akasikia, ndani ya lile swali la hali, ile sauti ikianza kuota. Siku ya nane alimshika mkono mlangoni.

"Amin. Nimekosa, nimekiri. Sasa nigombeze. Sema unavyotaka, ila usiniongeleshe kama maiti."

Basi akamgombeza. Alimgombeza kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi, akachimbua hata makosa ya miaka ya tisini, na majirani walisikia. Alipomaliza aliuliza kliniki ni siku gani. Akaenda naye, akamuuliza yule daktari kijana maswali mengi kuliko aliyouliza Kulsumu katika miaka miwili, na akarudi na kimashine cha kupimia, ambacho yeye mwenyewe alikiogopa kwa sababu ya sindano.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, waliondoka Sumbawanga watatu, Amin akiendesha. Abel alikuwa palepale Isongole. Kabla hajafungua mdomo Kulsumu alimwambia: "Nina sukari. Nimepima, iko vizuri. Nimekula uji wa ulezi na mayai mawili. Tende ziko mfuko huu, biskuti mfuko huu."

"Karibu tena, mama," Abel alisema.

Amin aliwasindikiza hadi mwisho wa mashamba, akatazama juu, akasema yeye atalinda gari.

Mlima haukuwa umelegea. Udongo ulikuwa uleule, mizizi ileile, na goti la Suma lilianza kulalamika mapema. Kila saa Abel aliwasimamisha, Kulsumu akala kidogo, akatoboa kidole, akasoma namba kwa sauti. Kwenye mianzi walipita mahali alipokaa mwaka jana, lakini hakupatambua, kwa maana mianzi ilikuwa imeota upya. Kisha, ghafla, hakukuwa na miti. Walikuwa kwenye majani mafupi na maua meupe yaliyokauka yakiwa bado kwenye mashina yake, na upepo ukawapiga usoni. Upande wa kushoto ardhi ilizama kama bakuli kubwa lililojaa ukungu. Abel alisema ile ni kasoko, mdomo ambao moto ulitokea zamani. Kulsumu alikitazama kile kimya cha ukungu, akaona ni vigumu kuamini.

Kutoka pale ilikuwa saa moja na dakika kadhaa za kupanda juu ya ukingo, kupumzika kila hatua ishirini. Kileleni palikuwa na rundo la mawe tu. Abel alisema siku ya mwanga huonekana Ziwa Nyasa. Siku ile hawakuona ziwa wala Tukuyu wala chochote, ila weupe. Suma alikaa kwenye jiwe, akakunjua goti, akagundua simu ina mtandao, akampigia mama yake.

"Niko juu ya mlima," alisema kwa Kiswahili ili wote wasikie. Kisha akasikiliza. Akaishusha simu. "Anasema niache uongo, kwamba mlima anauona hapo mlangoni na hakuna mtu."

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Kulsumu akamuuliza Abel kaskazini ni wapi, Abel akaonyesha kwa panga, upande wa Mbeya. Akatandika ile shali aliyoishona mwaka jana ilipochanika, akaswali juu ya majani yenye baridi, taratibu, na magoti yalipogusa chini yalitetemeka kwa uchovu wa kawaida. Alipotoa salamu alibaki amekaa. Hakuomba kitu. Alikuwa anahema, anasikia anavyohema.

Walitoka msituni saa kumi na moja jioni. Amin alikuwa amekaa juu ya gunia tupu na mwenye shamba moja, wamekuwa marafiki, wanabishana juu ya bei ya viazi. Alipomwona mkewe anakuja na matope mpaka kiunoni alisimama, akakung'uta suruali.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula."

"Ngapi?"

Akamtajia namba ya kipimo cha mwisho. Amin akaitikia, akapokea begi.

Sukari haijaondoka, na haitaondoka. Kuna wiki inapanda bila sababu, na kuna siku Kulsumu huamka ameuchoka ugonjwa wenyewe kuliko alivyochoka mwili. Lakini dukani husema wazi, mteja akimkaribisha soda, kwamba yeye ana sukari. Wanawake wanne wamekwisha kumwinamia mezani na kumnong'oneza kwamba hata wao. Watatu sasa wanatembea naye na mwalimu Suma asubuhi kuelekea Mollo. Wa nne anasema anafikiria. Amin hujiunga nao Jumamosi tu, na hulalamika upepo tangu Katandala mpaka wanapogeuka.